Kuandaliwa kihisia kabla ya kipimo cha kibofu: maana yake nini?

Kuna kipimo kinachomtaka mwanamke afanye mbele ya watu jambo alilofunzwa tangu utotoni kulisitiri: kukojoa, na pengine kujikojolea. Kinaitwa yurodinamiki. Kinaonyesha kibofu kinavyojaa, kinavyohifadhi mkojo na kinavyoutoa. Huandikiwa anayevuja mkojo akikohoa au akicheka, anayebanwa ghafla asiwahi choo, au aliyeshonwa fistula (tundu kati ya kibofu na uke), tundu likaziba, na bado anajikuta ameloa.

Kumwandaa kihisia ni kumweleza yatakayotokea, hatua kwa hatua, kabla hajavua nguo. "Usiogope mama, ni kitu kidogo tu" si maandalizi. Huko ni kumnyamazisha.

Aambiwe hivi. Kwanza atakojoa kwenye kiti chenye chombo cha kupima kasi ya mkojo. Kisha ataingizwa mpira mwembamba, wa milimita 2 hivi, kwenye njia ya mkojo, na mwingine kwenye njia ya haja kubwa au ukeni, wa kupima mgandamizo wa tumbo. Huu wa pili ndio unaowashtua wengi wasipoambiwa mapema. Kibofu kitajazwa polepole maji safi yenye chumvi kidogo, huku akiulizwa ameanza kuhisi nini. Ataambiwa akohoe, labda akiwa amesimama, na mwishoni akojoe mipira ikiwa bado ndani. Yote huchukua kama nusu saa hadi saa.

Kubwa zaidi, aambiwe kwamba akivuja hajaharibu kitu. Kuvuja kule ndiko anakokutafuta daktari. Asiyejua hilo atajibana kwa nguvu zote, atachelewa kusema amebanwa, na wengine mkojo hugoma kabisa kwa sababu kuna macho chumbani. Hapo mashine itakuwa imepima woga. Na majibu hayohayo ndiyo huenda yakaamua kama atapewa dawa, mazoezi au upasuaji, kwa hiyo mimi maandalizi haya nayahesabu kuwa sehemu ya kipimo chenyewe.

Ana haki ya kuuliza nani watakuwemo chumbani, kuomba mhudumu wa kike, kukataa wanafunzi, na kusema "simamisheni" wakati wowote. Aliyewahi kubakwa, au aliyepitia uzazi wa mateso, anaweza kurudishwa kulekule na mguso mmoja tu. Nesi amuulize faraghani, si mbele ya mume wala mama mkwe, na asimlazimishe kusimulia, inatosha aseme, "Sehemu hiyo naiogopa."

Baadaye mkojo unaweza kuchoma kwa siku moja au mbili. Anywe maji ya kutosha. Homa ikipanda au maumivu yakizidi, arudi hospitali. Na siku ya kwenda abebe khanga mbili na chupi ya kubadili: khanga moja ya kujifunika kitandani, nyingine ya kurudi nayo nyumbani ikiwa kavu.