Isotopi za salfa katika jasi ya kale

Isotopi za salfa ni atomi za salfa zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, na kwa hiyo kwa uzito. Mbili ndizo zinazotumika zaidi: salfa-32, ambayo ni takriban asilimia 95 ya salfa yote, na salfa-34, ambayo ni asilimia 4 hivi. Uwiano wake hulinganishwa na kipimo rejea kilichotokana na kimondo cha Canyon Diablo cha Marekani, na salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) ya bahari ya leo inakizidi kipimo hicho kwa takriban 21 kwa elfu.

Bahari ya kale haipo tena, lakini jasi yake ipo. Kama ilivyo katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu, maji yanapokauka jasi hutangulia kutuama, na chumvi ya kula hufuata baadaye, maji yakibaki karibu sehemu moja ya kumi. Jasi ni salfeti ya kalisi, na inapotuama huubadili uwiano wa isotopi kidogo tu. Ndiyo maana naiona kuwa shahidi bora kuliko miamba mingi. Katika maabara kipande chake husagwa na kuyeyushwa, kisha hutiwa kloridi ya bari mpaka unga mweupe wa salfeti ya bari utuame, na gesi inayotoka unga huo unapochomwa ndiyo hupimwa.

Kinachobadilisha uwiano ni bakteria wa matope yasiyo na oksijeni, ambao hutumia salfeti badala ya oksijeni na huipendelea salfa-32 iliyo nyepesi. Salfidi wanayoitoa huungana na chuma kuwa piriti na kuzikwa chini ya bahari, huku salfa-34 ikizidi majini. Kwa hiyo namba ikipanda, piriti nyingi ilikuwa inazikwa. Na kwa kuwa kuzikwa huko huiachia hewa oksijeni, jasi inagusa pia historia ya hewa tunayovuta.

Mfano mzuri ni Zechstein, matabaka ya chumvi yaliyolala chini ya Ujerumani, Poland na Bahari ya Kaskazini tangu mwisho wa kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Jasi na anhidriti zake (jasi isiyo na maji ndani yake) huonyesha takriban 10 hadi 12 kwa elfu tu, karibu nusu ya leo, ilhali matabaka ya kipindi cha Kambri, cha kale zaidi kuliko Permi, huweza kufikia 30 na zaidi.

Si kila jasi inafaa. Ile ya Itigi, mkoani Singida, ilitokea katika mbuga za bara, na haisemi lolote kuhusu bahari. Hata palipokuwa na bahari, mito ikiingiza salfeti yake bondeni namba hupotoka, hivyo mtafiti makini hupima pia isotopi za elementi ya stronti, zinazosaidia kutambua maji ya bahari na ya mito, kabla ya kuziamini namba hizo.