Je, wajua treni mbili za mfano huendaje pande tofauti juu ya reli ileile?

Vichwa vitatu vya treni za mfano viko juu ya meza moja, kwenye njia moja ya reli. Kimoja kinakwenda kushoto taratibu, cha pili kinakuja kulia taa zikiwaka, cha tatu kimesimama stesheni kinanguruma tu. Ndani yake hakuna betri wala redio. Umeme wote unapanda kutoka kwenye reli mbili, kupitia magurudumu, na ni umeme uleule kwa vyote vitatu. Kila kimoja kinajuaje zamu yake?

Zamani hakikujua. Katika mfumo wa awali, ambao bado unauzwa kwenye seti za watoto, reli hupewa umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, usiozidi volti 12 hivi. Ukiongeza volti, mota inazunguka kwa kasi zaidi. Ukigeuza chanya na hasi, inazunguka kinyume. Kanuni iliyokubaliwa ni kwamba reli ya kulia ikiwa chanya, kichwa kinakwenda mbele. Kwa maneno mengine, unachoendesha pale ni reli, na kichwa kinafuata tu. Kinyanyue, kigeuze nyuma mbele, kirudishe: kitaendelea upande uleule wa meza, safari hii kinyumenyume. Ukiweka viwili, vyote vinaondoka pamoja. Aliyetaka viende tofauti alilazimika kukata reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake, kisha abonyeze swichi mbele ya kila treni mchana kutwa.

Mfumo wa sasa unaitwa DCC (Digital Command Control), yaani uendeshaji kwa amri za kidijitali. Msingi wake ulitoka kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, NMRA, kiliufanya kuwa kanuni ya pamoja. Ndiyo maana kichwa cha kampuni moja kinatii mtambo wa kuendeshea wa kampuni nyingine. Hapa reli hazibadilishiwi volti ili treni ikimbie au ipunguze mwendo. Zinabaki na volti 14 hadi 16 hivi wakati wote kwa treni za uwiano wa 1 kwa 87, zile zinazoitwa HO, hata treni zote zikiwa zimesimama. Kinachobadilika ni upande: chanya na hasi zinahama kutoka reli moja kwenda nyingine maelfu ya mara kwa sekunde, na ujumbe umefichwa katika muda wa kila mhamo.

Mhamo mfupi, wa mikrosekunde 58 kila upande, ni "1". Mhamo mrefu, wa mikrosekunde 100 au zaidi, ni "0". Ndani ya kila kichwa kuna chipu, dekoda, inayofanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Dayodi zake zinanyoosha umeme huo uwe DC ya kulisha mota, na hapohapo inapima urefu wa kila mhamo ili isome amri.

Tazama amri moja kwa karibu. Mtambo unaanza na "1" zisizopungua 14 mfululizo, kama hodi, kisha unatuma:

00000011 01110100 01110111

Fungu la kwanza ni anwani, yaani namba 3. La pili linasema: nenda mbele, mwendo wa hatua ya 6 kati ya 28. La tatu ni la ukaguzi, na limepatikana kwa kulinganisha mafungu mawili ya kwanza tarakimu kwa tarakimu: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Dekoda inarudia hesabu hiyo yenyewe. Jibu lisipolingana, inajua ujumbe umeharibika njiani na inautupa. Vichwa vyote mezani vinausikia ujumbe huo, ila chenye anwani 3 peke yake ndicho kinachotii. Amri nzima inachukua takriban milisekunde 6, na mtambo unazirudia bila kuchoka, zaidi ya 100 kwa sekunde. Amri moja ikipotea, nyingine inakuja kabla jicho halijaona kitu.

Tokeo moja huwachanganya wanaotoka mfumo wa zamani. Kwa kuwa dekoda haijali reli ipi ni chanya, "mbele" sasa ni mbele ya kichwa chenyewe. Ukikigeuza juu ya reli, kitakwenda upande mwingine wa meza.

Kufunga dekoda

Vichwa vingi vya kisasa vya HO vina soketi ya pini 8 au 21, na kazi inaisha kwa dakika tano. Rangi za nyaya ni za kanuni: nyekundu inatoka reli ya kulia, nyeusi ya kushoto; rangi ya chungwa na kijivu zinakwenda kwenye mota; nyeupe ni taa ya mbele, njano ya nyuma, na buluu ni chanya ya taa zote. Plagi ya miguu 8 ukiichomeka kinyume haiunguzi kitu kwa kawaida, lakini kichwa kitakwenda nyuma ukikiambia mbele na taa hazitawaka. Itoe, igeuze, basi.

Hatari iko kwenye vichwa vya zamani visivyo na soketi. Mara nyingi brashi moja ya mota (kipande kinachoingiza umeme kwenye mota) imegusa chesisi ya chuma, na chesisi nayo inapata umeme wa reli. Kwenye DC hilo halina neno. Kwenye DCC, umeme wa reli ukiingia upande wa mota, dekoda inaungua papo hapo, na harufu yake hutaisahau. Kabla ya kuunganisha chochote chukua multimita, iweke kwenye hali ya kulia umeme unapopita, weka ncha moja kwenye brashi na nyingine kwenye magurudumu ya kulia, kisha ya kushoto. Rudia kwa brashi ya pili. Isilie hata mara moja. Ikilia, tenga mota kwa utepe wa umeme au badilisha skrubu za chuma kwa za plastiki, halafu pima upya. Pima pia ampea ambazo mota inakula ikishikwa isizunguke kwa sekunde moja hivi kwenye volti 12: zikizidi uwezo wa dekoda, ambao kwa HO mara nyingi ni ampea 1, tafuta dekoda kubwa zaidi au mota nyingine.

Kisha kipe kichwa anwani yake. Karibu dekoda zote hutoka kiwandani zikiwa na namba 3, kwa hiyo vichwa viwili vipya vitaondoka pamoja kama mapacha. Anwani inaandikwa kwenye kipande cha reli kilichotengwa, chenye umeme mdogo, ambako dekoda inajibu "nimepokea" kwa kuishtua mota kidogo. Utakiona kichwa kinatikisika. Kisipotikisika na mtambo ukidai hakuna jibu, angalia nyaya za mota kwanza. Dekoda isiyoshika mota haina ulimi.

Anwani fupi huishia 127, ndefu hufika 10239, na wengi hutumia namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichwa halisi. Chukua Garratt (aina ya kichwa cha mvuke) namba 5918, Mount Gelai, iliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi: ni mojawapo ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa East African Railways. Mtambo wa kisasa ukiuandikia 5918 unafanya hesabu wenyewe, ila ni vizuri kujua kinachoendelea. Anwani ndefu inakaa kwenye visanduku viwili vya kumbukumbu, CV17 na CV18. Gawanya 5918 kwa 256: unapata 23, inabaki 30. Ongeza 192 kwenye 23, andika 215 kwenye CV17 na 30 kwenye CV18. Halafu CV29 iwe 34, inayosema tumia anwani ndefu, hatua 28 na DCC tu. Ukiisahau CV29, kichwa kitaendelea kuitikia anwani ya zamani na utadhani dekoda ni mbovu. Mambo yakivurugika kabisa, kuandika 8 kwenye CV8 hurudisha dekoda nyingi kwenye hali ya kiwandani.

Kwa anayetaka Garratt hiyo kwa 1:87: reli yake ya upana wa milimita 1000 inakuwa 11.5 kwa hesabu, na watu hutumia njia ya milimita 12. TAZARA, yenye 1067, inatoka 12.3, kwa hiyo njia hiyohiyo inaitosha. SGR ya 1435 ndiyo inayokaa kwenye njia ya kawaida ya HO, milimita 16.5. Garratt ina faida ya magurudumu mengi ya kuchukulia umeme, lakini injini zake mbili zinapinda kwenye kona na nyaya zinapita kwenye maungio hayo. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi na uuache na ulegevu. Waya wa uzi mmoja utakatika ndani ya plastiki yake bila dalili nje.

Lawama huenda kwa dekoda, kosa liko chini ya meza

Treni inapokwama, dekoda husingiziwa kwanza. Mara nyingi mkosaji ni waya mwembamba, maungio ya reli au uchafu.

Umeme usisafiri kwenye reli umbali mrefu. Chini ya meza pitisha nyaya mbili kuu za shaba za milimita mraba 2.5, zilezile zinazotumika kwenye soketi za nyumba, na kila mita moja hivi teremsha kutoka kwenye reli nyaya ndogo za 0.5 zisizozidi sentimita 30. Zilehemu kwa risasi ubavuni mwa reli, upande wa nje, ili magurudumu yasiziguse. Viungio vya chuma vinavyoshikanisha reli visitegemewe kupitisha umeme, kwa sababu vinalegea na kupata kutu taratibu. Chagua rangi mbili na usizichanganye.

Hesabu inaonyesha sababu. Njia kuu ya mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20. Kwa waya wa 2.5 na ampea 5, zinapotea volti 0.7. Kwa waya wa 0.5, zinapotea karibu 3.5, na treni za mwisho wa meza zinazubaa. Hilo si baya kuliko yote. Waya mwembamba pamoja na viungio vibovu vikifikisha omu 3.2, gurudumu likiacha reli na kupiga shoti, ampea zitakazopita ni 4.7 tu kwenye volti 15. Mtambo wa ampea 5 hautakata. Wati 70, zaidi ya pasi nyingi za kulehemu, zinabaki kuchemsha mahali fulani, na plastiki ya magurudumu inayeyuka.

Kipimo chake hakigharimu kitu: laza sarafu juu ya reli zote mbili, kila nusu mita, meza nzima. Kila mahali mtambo lazima ukate mara moja. Usipokata, ongeza nyaya za kuteremsha hapo, usiongeze ukubwa wa fyuzi.

Kuhusu uchafu, ule weusi ni oksaidi na masizi ya cheche ndogondogo kati ya gurudumu na reli. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya aizopropili ya asilimia 90 na zaidi, umeme ukiwa umezimwa. Msasa usiuguse: mikwaruzo yake hugeuka mifereji ya kuhifadhi uchafu mpya. Magurudumu ya mabehewa nayo yafutwe, la sivyo yatarudisha kila kitu ndani ya saa chache. Kwa kichwa kifupi cha magurudumu manne, kinachozimika kikivuka plastiki ya katikati ya pointi (mahali njia ya reli inapogawanyika), dawa ni kapasita ya akiba inayoshika umeme kwa sekunde moja au mbili.

Reli inapojirudia

Kuna mchoro mmoja unaovutia kila anayeanza: treni inaingia kwenye kitanzi, inazunguka, inatoka ikirudi ilikotoka. Ukifuata reli ya kulia kwa kidole, utakuta imerudi kuungana na ya kushoto. Hiyo ni shoti hata kabla ya kuweka treni, na mtambo hautawaka.

Kata reli zote mbili pande zote mbili za kitanzi, weka vipande vya plastiki kwenye mikato, na ulishe sehemu hiyo kupitia kifaa cha kugeuza umeme kinachojiendesha. Gurudumu la kwanza likivuka mkato na kukuta pande hazilingani, shoti inatokea, kifaa kinaihisi na kubadilisha pande kabla mtambo haujakata. Kichwa hakishtuki, kwani dekoda haijali reli ipi ni chanya.

Sharti ni moja: sehemu iliyotengwa iwe ndefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Behewa la mwisho lenye magurudumu ya chuma likiwa bado kwenye mkato wa kuingilia wakati kichwa kinavuka wa kutokea, kifaa kinadaiwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kitageuza, kitageuza tena, kisha kila kitu kitazima. Kama nafasi haitoshi, punguza mabehewa au vika yale ya nyuma magurudumu ya plastiki.