Aresta inalinda banda, hailindi watoto walio chini yake

Jumamosi nilikuwa uwanja wa shule moja huku Kisii kupima ethi ya banda la watazamaji, yaani nondo na waya zinazopeleka radi ardhini. Ethi yenyewe safi kabisa, ukinzani wa umeme ni ohmu 6, na sisi tunataka chini ya 10. Bado niko chini nafungua klampu ngurumo ikapiga upande wa mashariki, na mpira unaendelea. Nikamwambia mwalimu wa michezo asimamishe mechi, akanijibu, "Fundi, si kuna aresta? Ikinyesha watakimbilia hapo kwa banda." Hiyo nimeisikia mara nyingi sana na nimechoka nayo.

Aresta, ile ncha ya chuma juu ya paa ya kupokea radi, inalinda jengo. Radi ikipiga ile ncha, mkondo, tuseme ampea 30,000, unashuka kwa ukanda wa shaba unaingia ardhini, lakini kuingia ardhini sio kupotea, unasambaa pande zote, na karibu na nondo ya ethi volti iko juu sana, hatua moja mbele imeshuka, kwa hivyo ukiwa umetanua miguu mkondo unapanda mguu huu unashukia ule. Ndio maana ng'ombe wanakufa wengi kwa mpigo chini ya mti mmoja, miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma na moyo uko hapo katikati. Sasa angalia lile banda: mabati juu ya nguzo, hakuna ukuta, chini ni udongo, na ukanda wa shaba umeshuka kwa nguzo ile ile watoto wanaegemea. Radi inaweza kuruka kutoka kwa ukanda hadi kwa bega la mtoto. Ohmu 6 yangu haizuii hiyo.

Arua, Uganda, Agosti 2020, watoto walitoka kucheza mpira wakajikinga mvua kwenye kibanda cha nyasi. Wakafa 10.

Mahali pa kukimbilia ni darasa lenye kuta nne, ama basi la shule lenye bodi ya chuma, madirisha yamefungwa. Simu haivuti radi, tuachane na hiyo.

Na "bado haijanyesha" sio sababu. Ngurumo husikika kama kilomita 15, na radi inaweza kupiga umbali huo kutoka kwa mvua, kwa hivyo ukiisikia tayari inakufikia. Mnangoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena mnaanza kuhesabu upya. Hizo 30 hazimalizi hatari, zinaipunguza tu, mimi mwenyewe wingu likiwa bado juu sitoki. Afadhali mechi zihamishiwe asubuhi, maana huku upepo wa ziwa unapanda milima mchana na mawingu yanaiva saa kumi, saa ile ile ya mpira.

Kinachoninyima raha ni aliyekwama wazi, hana jengo wala gari karibu. Nimefundisha watu wachuchumae miguu pamoja, na Marekani idara ya hali ya hewa iliacha kupendekeza hivyo mwaka 2008. Kubana miguu kunapunguza ule mkondo wa ardhini, lakini radi ikikupiga moja kwa moja hakusaidii kitu, kwa hivyo siku hizi nasema kimbia jengoni, hata kama ni mbali.

Na jamani, aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguseni! Kama hapumui, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine atafute gari, msiache mpaka apumue ama mfike hospitali.