Kwa nini ng'ombe huchechemea leo kwa jeraha la miezi miwili iliyopita?

Ng'ombe kazaa salama, ndama ananyonya, maziwa yamepanda. Miezi miwili au mitatu baadaye anaanza kuchechemea mguu wa nyuma. Unainua mguu, unatafuta msumari au jiwe, huoni kitu. Unakwangua unyayo kwa kisu, na hapo linajitokeza doa jekundu ndani ya ukwato wenyewe, mfano wa damu iliyovilia chini ya ukucha wa mtu aliyebanwa na mlango. Hakuna kilichomchoma. Damu imetoka wapi?

Ukwato ni ukucha, ila ukucha unaobeba mamia ya kilo. Ndani mna mfupa, chini ya mfupa mna mto wa mafuta, kisha nyama laini yenye damu nyingi, na nyama hiyo ndiyo inayotengeneza ukwato mpya kila siku. Ng'ombe anapokaribia kuzaa, mwili hulegeza kano ili ndama apite, na kano zinazoshikilia mfupa ule hulegea pia. Mfupa unashuka. Wakati huohuo, anayetoa maziwa mengi hutumia mafuta ya mwili wake mwenyewe, na ule mto nao unasinyaa. Nyama inabanwa kati ya mfupa na sakafu, inavuja damu, na damu inanaswa ndani ya ukwato unaotengenezwa.

Ukwato hukua takriban milimita 5 kwa mwezi. Unyayo wenye unene wa sentimita 1 huchukua kama miezi 2 kulisukuma doa hadi lionekane. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: alipozaa alikuwa banda gani, alisimama kwenye saruji muda gani, alikonda kiasi gani? Ng'ombe hutaka kulala kama saa 12 kwa siku. Malalo yakiwa magumu au yamelowa, atasimama.

Shida ni kwamba ng'ombe huficha maumivu. Ndiyo maana wanaofuatilia kundi kwa makini huanza na mgongo kabla ya mguu. Simama pembeni wanapotoka kukamuliwa, kwenye njia tambarare isiyoteleza. Mgongo ulionyooka akisimama na akitembea ni alama 1. Ukijipinda akitembea tu, ni 2. Ukijipinda hata akisimama, na hatua zimekuwa fupi, ni 3. Anayeonyesha wazi mguu anaouhurumia ni 4, na asiyetaka kuukanyagia kabisa ni 5. Wengi wetu hushtuka kwenye 4, tumeshachelewa. Daftari lenye tarehe, mguu na alama, mimi naliona lina faida kuliko dawa nyingi za dukani. (Wakichechemea wengi kwa ghafla huku wakitoka udenda, acha daftari, mwite daktari wa mifugo: huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo.)

Kwenye daftari hilo utaona jina la ukwato mmoja likijirudia: wa nje, mguu wa nyuma. Huo hubeba uzito zaidi, ukibeba zaidi hukua zaidi, na ukirefuka kuliko mwenzake hubebeshwa tena. Kukata kwato ni kusawazisha mzigo huo, si urembo. Ila kisu kina mpaka: unyayo ukibonyea chini ya dole gumba, umekata mno, na ng'ombe huyo umemharibu kuliko kama ungemwacha.

Josho la miguu lina kazi nyingine. Mrututu (chumvi ya shaba) wa asilimia 5, yaani kilo 5 kwa lita 100 za maji, hupambana na vijidudu vya ngozi, kama vinavyoleta kidonda chekundu kibichi juu ya kisigino, ugonjwa uliotambuliwa Italia mwaka 1974. Doa la damu ndani ya unyayo haulifikii. Josho liwe na urefu wa mita 3 hivi ili kila mguu uingie mara mbili, na likijaa mavi libadilishwe. Maji yake yasifike wanakokunywa kondoo, shaba huwaua.

Kwa aliyekwisha kuumia, mkata kwato hodari hugandisha kibao cha mti chini ya ukwato usioumwa wa mguu uleule. Ule mbovu unabaki ukining'inia hewani, haugusi sakafu. Mguu ukiachiwa, ng'ombe hukanyaga kwa wasiwasi, mara ya pili kwa nguvu kidogo, kisha anaelekea horini.