Fomu ya ridhaa: mshiriki ameelewa, au ameitikia tu?

Kaa asubuhi kwenye benchi la kliniki hapa Moshi, utamsikia mtafiti akifunga maelezo ya fomu ya ridhaa, ile ambayo mtu husaini kukubali kushiriki utafiti, kwa "Umeelewa mama?" na mama akijibu, "Ndiyo daktari, nimeelewa." Swali hilo halipimi kitu. Kumwambia daktari kwamba hujaelewa ni kama kumvunjia heshima, hivyo jibu litakuwa ndiyo hata kama hakuambulia chochote.

Swali ninalopendekeza ni hili: "Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza wale wanakufanyia nini, utamwambiaje?" Kisha nyamaza, msikilize. Akisema "wananitibu presha", bado hajajua kwamba huu ni utafiti. Asipogusia kwamba anaweza kukataa na matibabu yake yakaendelea vilevile, rudi kwenye ukurasa huo. Usimkosoe yeye, kosa ni la maelezo yako.

Mara nyingi kosa limeanzia kwenye maneno ya fomu yenyewe. "Bahati nasibu" ni mfano mbaya kuliko yote. Mtafiti anamaanisha kupangwa kwenye kundi bila mtu kuchagua. Msikilizaji anawaza tiketi na zawadi, kwamba kundi moja limeshinda na jingine limekosa. Andika hivi: "Si sisi wala si wewe tutakaochagua upate dawa ipi. Kompyuta ndiyo inapanga, kama kurusha shilingi." Lakini shilingi inafaa tu makundi yakiwa mawili yenye nafasi sawa. Ikiwa wawili kati ya watatu wanapata dawa mpya, shilingi ni uongo. Tumia punje tatu za mahindi ndani ya mfuko, mbili nyeupe na moja ya njano.

"Kipimo" nalo lina maana mbili: cha maabara na cha dawa. "Kipimo kitaongezwa" ni kipi? Na damu usiiandike kwa mililita peke yake. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mtu akitolewa mililita 10 katika mahudhurio manne, jumla ni 40, yaani vijiko vinane vya chai. Andika jumla hiyo waziwazi, kwa sababu watu wanahesabu wenyewe, na mahali ambapo hadithi za mumiani bado zinasimuliwa, hesabu iliyofichwa inazaa uvumi.

Kamati za maadili ya utafiti huomba tafsiri irudishwe kwenye Kiingereza na mtu ambaye hajaona fomu ya awali. Ni hatua nzuri, lakini haitoshi. Mfasiri anayejua istilahi za utafiti atairudisha "bahati nasibu" sawasawa, na kosa litapita. Kabla ya kupeleka fomu kwenye kamati ya chuo na ile ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wasomee watu watano au sita wasiofanya kazi hospitalini, kisha waombe wakueleze walichosikia.

Kwa asiyejua kusoma, shahidi lazima ajue kusoma, asiwe mtu wa timu ya utafiti, na awepo tangu neno la kwanza. Kumwita mlinzi wa getini dakika ya mwisho aje kutia saini hakufai: ameshuhudia dole gumba, hakushuhudia ridhaa. Kwa familia ya Kimaasai kutoka Longido au Monduli, tafuta mkalimani mapema. Ruhusa ya wazee wa boma inakufungulia mlango tu. Kila mtu mzima bado ataamua mwenyewe.

Fomu ikibadilishwa, ondoa toleo la zamani kwenye droo siku hiyohiyo, ubakize moja la jalada. Rundo lililosahaulika ndilo linalofanya washiriki wasaini karatasi isiyo halali.

Nakala ya mshiriki nayo ifikirie. Mama anayerudi Himo kwa daladala, anayeishi na wakwe, hatabeba karatasi yenye "VVU" kwa herufi kubwa, ataitupa. Mpe hiari ya kuhifadhiwa nakala yake kliniki, uandike hivyo kwenye jalada, na umpe kadi ndogo isiyotaja ugonjwa, yenye namba ya mtafiti na ya kamati. Kabla kadi haijachapwa, piga namba zote mbili mwenyewe. Ya kamati ikiita tu bila kupokelewa, omba nyingine.