Majina makubwa ya biashara, tusidanganyane

Kuna watu wanaamini ukichukua jina linalofanana na la kampuni kubwa huna kosa ilimradi unauza kitu kingine na mteja hawezi kuwachanganya. Kwa majina ya kawaida mara nyingi ni kweli. Ila Marekani majina maarufu kabisa yana ulinzi wao wa ziada, na huo hauulizi kama mteja kachanganyikiwa, unauliza kama jina linachujuka, yaani linapoteza upekee wake, au linachafuliwa.

Cheki kesi ya Victor's Secret. 1998 mtu na mkewe walifungua kaduka Elizabethtown, Kentucky, nguo za ndani za kike, video za wakubwa na mengine ya hivyo, tangazo lao likamfikia kanali mmoja wa jeshi huko Fort Knox, akakereka, akawaandikia Victoria's Secret wenyewe, ile kampuni kubwa ya nguo za ndani. Yani kesi yote hii kaianzisha kanali! Jamaa wakabadili jina likawa Victor's Little Secret, wapi, wakashtakiwa hivyohivyo.

Hapo utasikia "si walishinda Mahakama ya Juu?" Walishinda ndio, 2003, mahakama ikasema kampuni ithibitishe jina limeshapungua nguvu kweli, kanali kuwakumbuka wenye jina haitoshi. Wasichokwambia ni kwamba 2006 Bunge lilibadili sheria, sasa hivi uwezekano tu wa madhara unatosha, na 2010 mahakama ya rufaa ikawabwaga walewale wa kaduka.

Wengine nao wanadhani wakubwa hawashindwi. Starbucks alihangaika miaka na mkaanga kahawa mdogo wa New Hampshire anayeuza kahawa inaitwa Charbucks, wakapigiwa simu watu 600, asilimia 30.5 jina lile likawaleta Starbucks kichwani, ila 3.1 tu ndio walidhani huenda kahawa ni ya Starbucks, na 2013 Starbucks akashindwa.

Na wewe unayesema jina lako maarufu kwa vile mji mzima unalijua, pole, sheria ya 2006 inataka wateja wa kawaida wa nchi nzima walijue.

Kuhusu utani, yaani kulichezea jina maarufu kwa kuchekesha, sheria ina msamaha wake, ila usijiachie sana. Midoli ya mbwa ya Chewy Vuiton ilipona mbele ya Louis Vuitton, wale wa mikoba ya kifahari, 2007, lakini 2023 kwenye Bad Spaniels, kidoli cha mbwa chenye umbo la chupa ya wiski ya Jack Daniel's, Mahakama ya Juu ilisema msamaha wa utani haukuhusu ukishaufanya utani huo ndio nembo ya bidhaa yako.