Homoni katika mimba ya nguruwe: kwa nini siku ya 12 ina uzito mkubwa

Homoni ni kemikali ambayo tezi ya mwili huitengeneza na kuiachia katika damu, ili ifike kwenye kiungo kingine na kukiagiza kufanya kazi fulani au kuacha kuifanya. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamsaidii sana mfugaji anayetaka kujua kwa nini nguruwe wake, aliyepandwa vizuri na dume mwenye afya, amerudi kwenye joto (hali ya kumtaka dume) wiki tatu baadaye, wala kwa nini mwingine amekaa muda wote wa mimba bila kuonyesha joto na mwishowe hakuzaa chochote. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 hivi, ambazo wafugaji wengi huzikariri kuwa ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na namna nzuri ya kuzielewa homoni zake ni kuzifuata siku kwa siku, kwa sababu homoni ileile inayoilinda mimba leo inaweza kuiharibu ikija siku chache kabla ya wakati wake.

Ya kwanza kuijua ni projesteroni. Nguruwe jike anapokuwa kwenye joto, hali inayodumu siku mbili hadi tatu, ovari zake huachia mayai mengi, kwa kawaida kati ya 15 na 25, na kila kifuko kilichopasuka na kutoa yai hugeuka kuwa tezi ndogo ya muda iitwayo korpasi luteamu. Jina hilo la Kilatini lina maana ya mwili wa njano, ingawa kwa nguruwe rangi yake huelekea zaidi kwenye wekundu wa nyama. Tezi hizi ndizo zinazotoa projesteroni, nayo projesteroni huutuliza mfuko wa uzazi usijikaze, huuweka mlango wake katika hali ya kufungwa, na huziamuru tezi za ukuta wake wa ndani kutoa majimaji yenye virutubisho. Miongoni mwa vitu vilivyomo ni uteroferini, protini inayowapelekea watoto madini ya chuma. Majimaji haya yana umuhimu mkubwa kwa sababu kiinitete (mtoto katika hatua zake za mwanzo kabisa) cha nguruwe hakichimbi ukuta wa mfuko wa uzazi kama kinavyofanya kiinitete cha binadamu. Hujibandika tu juu yake, kuanzia karibu siku ya 13 au 14, na kondo lake hubaki limegusana na ukuta huo kama kitambaa kilicholazwa juu ya kitambaa kingine.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa kila mfugaji wa nguruwe aijue. Kwa mwanamke mjamzito, korpasi luteamu hufanya kazi katika wiki za mwanzo, kisha kondo la nyuma hujitosheleza na kutoa projesteroni lenyewe. Kwa kondoo pia kondo huichukua kazi hiyo kabla mimba haijafika nusu. Kwa nguruwe hilo halitokei. Projesteroni inayoitunza mimba hutoka kwenye ovari tangu mwanzo hadi siku ya kuzaa, kiasi kwamba ovari zikiondolewa siku ya 20, ya 60 au hata ya 100, mimba hutoka ndani ya siku moja au mbili. Maana yake ni kwamba hakuna umri ambao mimba ya nguruwe huwa imeshapita hatari: chochote kinachoua tezi hizo za ovari huiua mimba, iwe ni sindano iliyochomwa kwa makosa au ugonjwa wenye homa kali unaoufanya mwili umwage katika damu prostaglandini nyingi, kemikali inayozinyausha tezi hizo.

Prostaglandini F2 alfa ndiyo adui wa asili wa tezi hizo, na inatoka ndani ya mfuko wa uzazi wenyewe. Mfuko usio na mimba, unapofika karibu siku ya 15 au 16 baada ya joto, huimwaga katika mishipa ya damu, nayo hufika kwenye ovari na kuzinyausha korpasi luteamu zote. Projesteroni hushuka, mayai mapya huanza kukomaa, na karibu siku ya 21 nguruwe huonyesha joto tena. Huu ni utaratibu unaokwenda wenyewe, bila kumngoja mtu; usipozuiwa, hutokea. Kwa hiyo viinitete vina siku chache tu za kujitangaza kwamba vipo.

Tangazo hilo hutolewa karibu siku ya 11 na 12, kwa namna ambayo kwangu mimi ni ya ajabu kuliko mambo yote ya uzazi wa mnyama huyu. Kiinitete ambacho hadi siku ya 10 kilikuwa kijipira cha milimita chache hurefuka ndani ya saa chache na kuwa uzi mwembamba wa sentimita kumi au zaidi, na kufikia siku ya 16 uzi huo unaweza kukaribia urefu wa mita moja. Wakati kinaporefuka, kiinitete hutoa estrojeni, homoni ya kike. Kwa maelezo yaliyotolewa na watafiti Bazer na Thatcher mwaka 1977, ambayo yamefundishwa kwa miongo mingi, estrojeni hiyo haiuzuii mfuko wa uzazi kutengeneza prostaglandini. Huigeuzia njia, ili badala ya kuingia katika damu na kwenda kwenye ovari, imwagike ndani ya uwazi wa mfuko na kubaki humo. Korpasi luteamu husalimika, na projesteroni huendelea kutoka.

Maelezo hayo yamehitaji kurekebishwa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilotumia viinitete vya nguruwe ambavyo jeni ya kutengenezea estrojeni ilikuwa imeharibiwa kwa makusudi. Ilitarajiwa kwamba nguruwe waliovibeba wangerudi kwenye joto kwa wakati wa kawaida, lakini korpasi luteamu zao ziliendelea kuishi. Hata hivyo mimba hizo zilipotea karibu na siku ya 30. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba viinitete hutuma ujumbe wenye sehemu kadhaa, ikiwemo prostaglandini ya aina nyingine, E2, inayozilinda tezi za ovari, na kwamba estrojeni ni ya lazima ili mimba iendelee, hata kama si yenyewe pekee inayoiokoa katika siku zile za mwanzo.

Idadi ya watumaji pia ina uzito wake. Mfuko wa uzazi wa nguruwe una pembe mbili ndefu, na viinitete husafiri ndani yake na kujigawa katika pembe zote kabla ya kutulia. Vikiwa vichache mno, sehemu kubwa ya mfuko haipati ujumbe, nayo humwaga prostaglandini kana kwamba hakuna mimba. Wataalamu husema vinahitajika angalau viinitete vinne ili mimba itambuliwe na kuendelea. Ndiyo maana si kawaida nguruwe kuzaa mtoto mmoja tu, na anapozaa mmoja au wawili ni dalili kwamba wengine walikuwepo wakafa baadaye.

Mfugaji anayeandika tarehe anaweza kuyasoma haya yote bila maabara. Nguruwe akirudi kwenye joto kati ya siku ya 18 na ya 24, ama mayai hayakurutubishwa kabisa, ama viinitete vilikufa kabla ya kujitangaza. Hapo dume, mbegu na wakati wa kupandisha ndivyo vya kuchunguza kwanza. Akirudi siku ya 25 hadi ya 35 au zaidi, ujumbe ulifika lakini mimba ikapotea baadaye, na maswali ya kuuliza huwa ni ya magonjwa, joto kali bandani, mapigano, au kuhamishwa banda katika wiki nne za mwanzo, wakati ambao viinitete havijashika vizuri.

Kwa kuwa sehemu ya ujumbe ni estrojeni, kitu kinachofanana na estrojeni kinaweza kuudanganya mwili. Jambo hili linatuhusu sana Afrika Mashariki, ambako chakula kikuu cha nguruwe ni pumba za mahindi na ambako mahindi yaliyoota ukungu, yakishakataliwa na watu, mara nyingi hupelekwa kwenye banda la nguruwe. Kuvu wa jamii ya Fusariamu, wanaostawi katika mahindi yenye unyevu, hutengeneza sumu iitwayo zearalenoni, ambayo mwili wa nguruwe huipokea kama estrojeni. Majike wachanga wakiila huvimba uke na kuwa wekundu kana kwamba wako kwenye joto, wakati ovari zao bado hazijakomaa. Jike mkubwa asiye na mimba akiila kwa kiwango cha kutosha katikati ya mzunguko wake, korpasi luteamu hazinyauki, harudi kwenye joto, na mwenye nguruwe hungoja watoto ambao hawapo. Aliyepandwa akiila siku chache kabla ya siku ya 12, ujumbe huja kabla ya wakati, mfuko wa uzazi huvurugika, na viinitete vinaweza kufa vyote. Kuyaanika mahindi hayo upya au kuyapika hakuiondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Kinga ni kukausha mahindi vizuri mara baada ya mavuno na kuyatupa yaliyoharibika.

Baada ya mwezi wa kwanza mambo hutulia. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huendelea kuzichochea korpasi luteamu, mwanzoni kwa homoni ya LH na baadaye kwa prolaktini, na miezi miwili hupita bila mabadiliko makubwa.

Uamuzi wa kuzaa hutoka kwa watoto. Wanapokomaa, tezi zao za adrenali huongeza kotisoli, na homoni hiyo huufanya mfuko wa uzazi umwage ileile prostaglandini F2 alfa iliyozuiwa siku ya 12. Safari hii hakuna anayeizuia: korpasi luteamu hunyauka, projesteroni huporomoka, na rilaksini iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya tezi hizo huachiwa kwa wingi ili kulainisha mlango wa kizazi na kano za nyonga. Prolaktini hupanda, na jike hutafuta majani, hukwaruza sakafu na kupanga matandiko kama anayejenga kiota, kwa kawaida katika saa 24 za mwisho. Mpe nyasi kavu wakati huo; tabia hiyo inatoka ndani ya damu yake, hata akiwa kwenye sakafu ya saruji.

Sindano ya prostaglandini inayotumika kuanzisha uzazi hufanya kazi hiyohiyo, na ndiyo sababu haipaswi kutolewa kabla ya siku ya 112 au 113, kwa kuwa watoto wanaozaliwa mapema huja na mapafu ambayo hayajakomaa. Tarehe ya kupandwa isipojulikana, sindano hiyo isitumike kabisa. Mama mjamzito na mtu mwenye pumu hawapaswi kuishika, maana hupenya kwenye ngozi. Oksitosini nayo, ambayo huuamuru mfuko wa uzazi ujikaze na kusukuma, hutolewa kiholela mno: ikichomwa kabla mlango wa kizazi haujafunguka, au wakati mtoto amekwama njiani, husukuma bila njia, kitovu hubanwa, na watoto hufa wakiwa tumboni.

Oksitosini ya jike mwenyewe ina kazi nyingine inayoanza saa hizohizo. Kwa kuwa kondo la nguruwe hujibandika tu bila kuchimba, kinga za mama haziwezi kupita kwenda kwa watoto kabla hawajazaliwa, hivyo wote huzipata kwa kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na matumbo yao huziruhusu kupita kwa takribani siku moja tu. Wakati wa kuzaa oksitosini hutoka mara kwa mara, na dang'a hupatikana karibu wakati wowote mtoto anaposhika chuchu. Baadaye maziwa hushuka kwa vipindi, mara moja kila dakika 40 hadi 60, kwa sekunde zisizozidi 20 hivi, na jike aliyeshtushwa au kupigwa humwaga adrenalini, ambayo huizuia oksitosini, na watoto hunyonya chuchu kavu hadi kipindi kinachofuata.